Kungoja Dawa

Msomaji, ukisafiri kutoka Thika mpaka Ruiru utaona mashamba ya kahawa, ingawa majumba yameyapunguza. Mkulima wa huko ajua maana ya kungoja. Mwaka 1971 wataalamu wa Ruiru walianza kutafuta mbegu iwezayo kustahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani. Mbegu hiyo, Ruiru 11, ilitolewa mwaka 1985. Je, kwa miaka hiyo 14 mkulima aliiacha mibuni yake ife? La, aliipogoa na kuinyunyizia dawa.

Kungoja kwa namna hiyo kumo pia katika maradhi ya binadamu. Protini mwilini ni kama uzi mrefu: haifanyi kazi yake mpaka ikunjike kwa umbo lake. Ikikunjika vibaya hushikamana na nyingine, ikawa mafundo yenye madhara. Wataalamu hutafuta molekuli ndogo, ya kumezwa katika kidonge, itakayoishika protini isipotoke. Hii si ndoto. Dawa ya tafamidis, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2011, huzishikilia pamoja sehemu nne za protini moja ya damu, zisiachane na kudhuru neva na moyo. Lakini kwa ugonjwa wa usahaulifu alioueleza daktari Alois Alzheimer mwaka 1906, kidonge cha namna hiyo bado hakijapatikana.

Basi bibi kizee asahaupo jina la mwanawe, na dawa ya kumponya haipo, je, sisi hatuna deni? Wako wamwitao mchawi, na wako wamfungiao chumbani kwa aibu. Hao huongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Pengine utauliza, yafaa nini kumtendea wema asiyeukumbuka? Nami nakuuliza, wewe wamkumbuka aliyekubeba mgongoni ulipokuwa mchanga? Humkumbuki, lakini ulibebwa. Wema ungojao kukumbukwa ni biashara.

Kutafuta dawa ni kazi ya wachache, na huenda kesho wewe ukawa mmoja wao. Kutunza ni kazi ya wote, nayo haingoji kesho. Bibi akikuuliza mara ya kumi, "Wewe ni nani?" mjibu kwa upole ule ule wa mara ya kwanza.