Nani Alisema Kupumzika ni Uvivu?

Tangu utotoni tumelishwa methali za kazi. Ajizi ni nyumba ya njaa. Mchumia juani hulia kivulini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walimu walitukaririsha, wazazi wakatuamshia nazo alfajiri, na kijana akimaliza kidato cha nne akakaa nyumbani miezi miwili tu, mtaa mzima unamkumbusha. Mimi sizikatai. Lakini kuna swali limenikaa rohoni tangu Agosti 2022, na leo nataka nilitoe mbele yenu, wasomaji wenzangu: hivi kuna wakati ambapo kufanya kazi ni kosa, na kukaa ndiyo kazi yenyewe?

Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata kwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ni fundi baiskeli hapa Dar es Salaam. Kaka alisikia kwamba mwaka ule mashindano ya triathloni ya masafa marefu yangefanyika kwa mara ya kwanza Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu. Asiyeujua mchezo huu na aelewe hivi: mtu anaogelea, akitoka majini anapanda baiskeli, akishuka anakimbia, na saa haisimami hata anapovaa viatu. Ule wa masafa marefu ulianza Hawaii mwaka 1978, watu 15 wakaingia na 12 wakamaliza. Kipimo kizima ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni kamili ya kilomita 42. Ya Rubavu ni nusu yake: kilomita 1.9 ziwani, 90 za baiskeli, na 21 za kukimbia. Nusu, lakini hata hiyo nusu si mchezo wa kitoto.

Kaka akaanza tizi. Mimi nilikuwa msaidizi wake: nashika saa, nabeba maji, naandika daftari. Miezi saba aliamka saa kumi alfajiri. Kwa kuwa fedha hakuwa nazo, mtaa ulimchangia. Mama lishe alitoa, washkaji wa kijiweni walitoa, mzee wa duka la vipuri akatoa matairi mawili. Daftari la michango nalo lilikuwa kwangu.

Zilipobaki wiki tatu, mzee mmoja aliyekuwa akimfundisha akampa karatasi. Wiki ya kwanza, punguza mazoezi kwa robo. Ya pili, nusu. Ya mwisho, kidogo sana, ila zile mbio fupi za kasi usiziache, mwili usije ukasahau. Nilipoisoma nilicheka. Nikadhani mzee kachoka.

Kumbe mzee alijua anachosema. Tizi halimpi mtu nguvu siku ileile analolifanya. Siku hiyo linambomoa: nyuzi za misuli zinachanika kidogo kidogo, sukari ya akiba iliyomo kwenye misuli na ini inaisha, uchovu unajilundika. Nguvu huja baadaye, mtu anapokula na kulala, mwili unapojijenga upya. Ukibomoa kila siku, fundi wa ndani hapati nafasi ya kujenga. Wataalamu wa michezo wamepima jambo hili kwa miaka mingi. Mwanariadha akipunguza wingi wa mazoezi kwa karibu nusu kwa muda wa wiki mbili hivi, bila kupunguza kasi yake, kwa kawaida hupanda kwa asilimia 2 au 3. Katika safari ya saa sita, hizo ni kama dakika saba hadi kumi na moja, na amezipata kwa kukaa!

Mifano ipo. Mwaka 1950 Emil Zátopek wa Chekoslovakia, mkimbiaji aliyesifika kwa mazoezi ya kutisha, aliugua tumbo akalazwa hospitali kama wiki mbili, akatoka muda mfupi tu kabla ya mashindano ya Ulaya mjini Brussels. Alishinda mita 10,000 kwa zaidi ya dakika moja, kisha akachukua na mita 5,000. Mwaka 1984 Mmarekani Joan Benoit alipasuliwa goti siku 17 kabla ya mbio za kuchagua timu ya Olimpiki. Akashinda mbio hizo, na Agosti ile akachukua dhahabu ya marathoni ya kwanza ya wanawake katika historia ya Olimpiki. Sisemi ugonjwa ni dawa. Nasema hawa wawili walilazimishwa kupumzika, jambo ambalo pengine kwa hiari yao wasingelithubutu.

Sasa nirudi kwa kaka. Wiki ya pili ya ile karatasi, asubuhi moja watu wanakwenda makazini, wakamkuta kaka amekaa barazani, miguu kaiweka juu ya ndoo, anakunywa chai ya rangi. Kijiweni maneno yakaanza. "Hee, nauli tumemchangia akalale?" Mwingine akadakia, "Huyo kashaogopa, mtaona." Wote wakacheka. Na mimi, mwenye saa, mwenye daftari, mimi niliyeisoma ile karatasi kwa macho yangu, nikacheka nao.

Jioni nikamwendea. "Kaka, watu wanasema."

"Wanasemaje?"

"Wanasema umeanza uvivu."

Hakunijibu. Jumamosi yake, siku nane kabla ya mashindano, aliondoka gizani akapiga baiskeli hadi Bagamoyo na kurudi, zaidi ya kilomita 100, tena kwa kasi ya kugombana na mtu. Aliporudi jua limechomoza, jasho linamtiririka, kijiwe kizima kikasimama kumpigia makofi. Nami nikapiga. Uso wake siku ile ulikuwa wa mtu aliyesamehewa deni.

Rubavu aliogelea vizuri. Baiskeli akamaliza. Kwenye kukimbia, kilomita ya 14, miguu ikagoma. Akatembea, akajaribu tena, mwishowe akakaa pembeni ya barabara na hakumaliza. Usiku alinipigia simu. Hakulia, hakulaumu. Alisema tu, "Mdogo wangu, miguu niliiacha njia ya Bagamoyo."

Mtu anaweza kunitetea. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kaka katoka pwani, pengine ni pumzi tu ilimsumbua. Kisha mtu mzima si mtoto, angeweza kutupuuza. Ni kweli. Lakini utetezi huo haunipi usingizi, kwa sababu siulizi tu kwa nini miguu iligoma. Nauliza kile tulichokifanya pale kijiweni kinaitwaje.

Nimefikiri sana, na naona tulifanya makosa mawili. La kwanza, tulidhani tukimchangia mtu tumelinunua jasho lake, kwa hiyo ana wajibu wa kutuonyesha kila siku. Jasho linaonekana, basi tunaliamini. Kujengeka kwa misuli hakuonekani, basi tunakuita uvivu. Tulimtaka kaka atufurahishe sisi wa barazani, hata kama kwa kufanya hivyo angeharibu lile hasa tulilomchangia. La pili ni gumu zaidi. Tuliichukua hofu tukaiita bidii. Ile safari ya Bagamoyo haikutoka kwenye bidii. Mtu mwenye bidii alikuwa ameshamaliza kazi yake miezi saba iliyopita, alfajiri baada ya alfajiri. Aliyeondoka gizani Jumamosi ile ni mtu aliyeanza kuitilia shaka kazi yake mwenyewe, na shaka hiyo nilimpelekea mimi.

Ndiyo maana naamini kuna ujasiri wa kukaa. Kukimbia ukiwa umechoka ni kazi, lakini kukaa ukiwa na nguvu, watu wanakutazama, huna cha kuwaonyesha ila imani yako katika kazi uliyokwisha kuifanya, hiyo nayo ni kazi, na wengi wetu hatuiwezi. Wahenga walijua: ngoma ikilia sana hupasuka. Mbona methali hii hatukukaririshwa kama zile nyingine?

Mtu asije akanielewa vibaya. Aliyelala mwaka mzima hana cha kupunguza. Mapumziko ninayoyasema ni haki ya aliyechoka kwa kazi ya kweli. Na hapo linazuka swali lingine ambalo jibu lake sina. Msukuma mkokoteni wa Kariakoo amechoka kuliko mwanariadha yeyote, na hakuna anayempa karatasi ya kumwambia wiki hii punguza nusu. Akipunguza nusu, watoto wanakula nusu. Kwa hiyo tukisema kupumzika ni hekima, tukumbuke kwamba wako wenye hekima hiyo wasio na uwezo wa kuitumia. Kuwaambia hao wapumzike ni kejeli. Lakini je, kwa kuwa wao hawawezi, ni haki kumzomea yule anayeweza? Mimi nasema hapana. Tukimzomea, msukuma mkokoteni hapati hata dakika moja ya kupumzika. Tunaongeza tu idadi ya waliochoka.

Nanyi mnaoandika, mnalijua jambo hili hata kama hamjawahi kupanda baiskeli. Mswada umekwisha, bado unaupekua kila usiku, unabadili neno hili, unalirudisha, mpaka sura iliyokuwa hai inakauka mikononi mwako. Mimi ninao mmoja wa namna hiyo chini ya godoro. Nimeuacha huko wiki ya tatu sasa, na mikono inaniwasha.

Kaka bado anatengeneza baiskeli. Anasema ataingia tena, na mwaka huo nikamshikie saa kama zamani. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba wiki mbili za mwisho nitakaa naye barazani, kwenye kiti cha pili, watu wakipita watuone wote wawili.