Kusudi la Kazi na Kipimo Chake

Kazi yoyote ya muda mrefu hubeba maswali mawili. La kwanza ni nini kifanyike leo; la pili ni kwa ajili ya nini. La kwanza hujibiwa kila asubuhi. La pili hujibiwa mara moja, mwanzoni, kisha jibu lake likabaki kwenye andiko la mradi. Kwa hiyo kusudi huweza kupotea bila mtu yeyote kuacha kazi, na hata bila juhudi kupungua. Namna linavyopotea, na namna ya kulilinda, ni suala ambalo falsafa na dini zimelishughulikia kwa karne nyingi.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alieleza kuwa kila ufundi huelekea jema fulani, na kwamba malengo hupangana kwa ngazi. Hatamu hutengenezwa kwa ajili ya upandaji farasi, upandaji farasi wa kivita hutumikia jeshi, na jeshi hutafuta ushindi. Lengo dogo halina thamani yake lenyewe: limeikopa kutoka kwa lile lililo juu yake. Aliongeza kuwa watu hushauriana juu ya njia, si juu ya mwisho. Tabibu hakai kujiuliza kama aponye au asiponye. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ndani yake mna hatari. Akili yote ikimalizikia kwenye njia, hakuna anayebaki kulinda mwisho.

Wanazuoni wa Kiislamu waliiona hatari hiyo. Hadithi ya nia, ambayo Imam Bukhari aliiweka mwanzoni mwa Sahihi, mkusanyo wake wa hadithi, inaifanya thamani ya tendo itegemee kile alichokikusudia mtendaji. Fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ikajenga juu yake kaida kwamba mambo huhukumiwa kwa makusudio yake. Al-Qarafi wa Misri, aliyefariki mwaka 1285, alifafanua kuwa njia hupata hukumu ya kule inakofikisha, na kusudi likiondoka, njia nayo huondokewa na uzito. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilitazama jambo hilo kwa upande wa moyo: mtu huanza kazi kwa ajili ya Mungu, akaimaliza kwa ajili ya sifa za watu, na kwa nje kazi ikaonekana ni ileile. Ndipo inapohitajika muhasaba, yaani mtu kuihesabu nafsi yake mara kwa mara, kwa sababu nia njema ya siku ya kwanza haitoshi kwa siku zote.

Zipo hekima zinazoonekana kusema kinyume. Bhagavad Gita, andiko la Wahindu, hufundisha kutenda wajibu bila kung'ang'ania matunda yake. Wastoa, wanafalsafa wa kale, walitoa mfano wa mpiga mshale: lililo juu yake ni kulenga kwa ustadi wote, lakini mshale ukishaachiwa, upepo nao una neno. Mafundisho haya hayamwambii mtu aisahau shabaha, kwa kuwa asiye na shabaha hana cha kulenga. Yanachokataza ni kuyafanya matokeo kuwa mali ya nafsi. Anayeyahitaji matokeo kwa heshima yake mwenyewe ndiye mwepesi wa kuridhika na kitu kinachofanana nayo.

Kitu hicho kinachofanana mara nyingi ni kipimo. Mwanasosholojia Robert Merton alionyesha mwaka 1940 jinsi kanuni za ofisi, zilizowekwa ili kutimiza lengo, zinavyogeuka kuwa lengo lenyewe. Kusudi huwa pana na halihesabiki. Kipimo huhesabika na huingia kwenye taarifa. Kiongozi anayedaiwa taarifa hufuata kinachohesabika.

Historia ya vijiji vya ujamaa nchini Tanzania inaonyesha mwendo huo hatua kwa hatua. Katika andiko lake la Ujamaa Vijijini, Septemba 1967, Rais Julius Nyerere alitaja kusudi bayana: watu waishi na kufanya kazi pamoja kwa manufaa ya wote, wajiamulie mambo yao, na wajiunge kwa hiari. Vijiji vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kikiwemo Litowa, vilikuwa tayari vikiishi hivyo. Wakulima wenyewe ndio waliopanga mashamba na shule yao. Mwaka 1969 TANU, chama tawala, ilikivunja chama hicho. Mwaka 1973 ukatoka uamuzi kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji.

Hapo kusudi likapata kipimo: idadi ya watu waliohamia. Maofisa wa mikoa na wilaya walishindana kuifikisha. Mahali pengine familia zilihamishwa kwa nguvu na nyumba za zamani kubomolewa. Vijiji vingine viliwekwa kando ya barabara, mbali na mashamba au maji. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa, Nyerere aliweza kutaja zaidi ya watu milioni 13 waliokuwa wakiishi katika vijiji hivyo, huku akikiri kwamba nchi bado haijawa ya kijamaa. Kukaa pamoja kulirahisisha kufikisha shule na zahanati, na hilo lilikuwa jema la kweli. Lakini hiari na ushirika, ambavyo vijiji vilikusudiwa kuvizaa, havikuwa na safu katika taarifa.

Haifuati kwamba lengo lisiguswe kamwe. Mwanafalsafa John Dewey alisema kuwa lengo hujaribiwa na njia zake: gharama za njia zikijulikana, lengo huweza kurekebishwa kwa busara. Marekebisho ya aina hiyo hufanywa waziwazi na kwa sababu zinazotajwa. Upotevu wa kusudi hauna kikao wala sababu. Lengo la zamani huendelea kutajwa kwenye hotuba huku kazi ikifuata jingine.

Nani basi atambue tofauti? Muhasaba wa mtendaji ni wa lazima, lakini yeye ndiye aliye karibu zaidi na kipimo. Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, alisema kuwa nyumba huhukumiwa vyema zaidi na anayekaa ndani yake kuliko aliyeijenga. Mradi wowote wenye watu ndani yake unahitaji mwamuzi wa namna hiyo, tena mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi. Wakulima wa Ruvuma walilijua kusudi la vijiji kwa kuliishi. Chama chao kilipovunjwa, ilipotea pia sauti iliyoweza kusema kwamba hesabu inatimia na kusudi halitimii.