Akiba ya Sokoni ni ya Nani?

Uwekevu ni sifa isiyo na adui. Mbadhirifu huusifu ingawa haufuati, na bahili hujificha nyuma ya jina lake. Wazee waliusia kuwa akiba haiozi, wakasema tena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Na mtoto aghalabu huzisikia methali hizi mbili kabla hajashika sarafu mkononi mwake. Sifa hii hujaribiwa kila siku sokoni na dukani, mbele ya fungu la nyanya, kipande cha sabuni na kilo ya mchele. Mtu hutoka nyumbani na shilingi 10,000, akarejea na kikapu kilichojaa na shilingi 1,000 mkononi, akapongezwa kuwa anajua kununua. Hakuna aulizaye shilingi 1,000 ile imetoka wapi. Yamkini imetoka katika maarifa yake; yamkini imetoka katika tumbo lake mwenyewe; yamkini imetoka katika mfuko wa mtu mwingine aliyebaki sokoni akihesabu alichopoteza. Noti ni ile ile, lakini hukumu ya mambo haya haiwezi kuwa moja.

Haina budi kwanza kuondolewa lawama moja ya zamani. Husemwa kwamba maskini hajui kununua. Hununua mafuta ya kula kwa kipimo kidogo, sukari kwa robo, mkaa kwa kopo, na kwa hiyo hulipa zaidi kuliko tajiri anunuaye kwa debe na kwa gunia. Hesabu ya lawama hiyo ni sahihi. Ichukuliwe kwa mfano kuwa lita moja ya mafuta huuzwa kwa shilingi 6,000, na kipimo cha mililita 50 huuzwa kwa shilingi 400. Anunuaye lita ile kwa vipimo 20 atakuwa ametoa shilingi 8,000 mwisho wa juma. Shilingi 2,000 zimekwenda, wala hakupata hata tone moja la ziada. Zamani mambo yalikuwa hivyo hivyo katika nafaka: vibaba vinne vilikuwa pishi moja, lakini fedha ya vibaba vinne vilivyonunuliwa kimoja kimoja haikuwa lazima iwe sawa na fedha ya pishi. Methali husema haba na haba hujaza kibaba. Haisemi ni lini kibaba kitajaza pishi.

Lakini hesabu sahihi yaweza kuzaa hukumu ya uongo. Kibarua alipwaye jioni hana shilingi 6,000 za mafuta. Ana shilingi 5,000 za siku nzima, na ndani yake mna unga, mboga, mkaa na nauli ya kesho. Hata akiazima akanunua gunia la unga, ataliweka wapi? Chumba ni kimoja, mvua hupenya, panya wana njia zao, na fukusi hawaombi ruhusa. Fauka ya hayo, chakula kilicho wazi machoni huvuta mkono wa mwenye nyumba na wa jirani. Chupa iliyojaa hupika mchuzi wenye mafuta mengi. Kipimo cha mililita 50 hujua mpaka wake. Mwanamke anunuaye mafuta ya siku moja anaweza kuwa ameuweka mlinzi mlangoni mwa matumizi yake, na mlinzi huyo humlipa mshahara. Mtu anaweza kusema mshahara huo ni mkubwa, na itakuwa kweli. Haiwezi kusemwa kwamba ni upumbavu.

Mwenye duka naye astahili kusikilizwa. Duka la mtaani ni ghala la asiye na ghala. Ndani yake unga huhifadhiwa kwa gharama ya mwenye duka. Ukiharibika, hasara ni yake. Katika daftari lake yameandikwa majina ya watu watakaolipa mwisho wa mwezi, na ya wachache ambao hawatalipa kamwe na ambao yeye mwenyewe anawajua. Bei yake iliyozidi kidogo ina ndani yake ada ya ghala na ada ya imani. Palipo na ada ya haki hapana wizi, ingawa mpaka baina ya ada ya haki na unyonyaji ni mwembamba, na wenye maduka wote hawakai upande mmoja wa mpaka huo.

Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani aliyeitwa Ernst Engel alichunguza hesabu za matumizi ya jamaa za Wabelgiji, akaona kuwa kadiri jamaa ilivyo maskini ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mapato yake inavyokwenda katika chakula. Neno hilo limethibitishwa mara nyingi tangu hapo, na maana yake ni pana kuliko lionekanavyo. Mtu ambaye kupanda kwa bei ya unga humuuma zaidi ndiye asiyeweza kungoja bei ishuke. Uwekevu wa soko huhitaji mtaji, na mtaji ndio kitu anachokosa yule ambaye huhubiriwa uwekevu kuliko wote.

Akiba itokanayo na maarifa haina mlalamikaji. Mwenye kujua majira hununua mahindi wakati wa mavuno, wala hangoji miezi ya njaa. Hula embe zinapokuwa tele, akaacha kuzitafuta zikiwa adimu. Mwenye kujua kiasi hadanganywi na tenga la nyanya liuzwalo nusu bei, kwa maana anajua kuwa akiba haiozi, lakini nyanya huoza, na tenga rahisi ambalo nusu yake hutupwa jalalani limenunuliwa kwa bei kamili. Wanawake wa mtaa mmoja wachangiao gunia la mchele, kisha wakaligawa kwa ratili iliyo wazi mbele ya macho ya wote, hupata bei ya tajiri bila ya kuwa matajiri.

Jambo hili la kuchanga lina mfano wenye sifa katika historia. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, wafumaji na mafundi wapatao 28 walitoa kila mmoja pauni moja, wakafungua duka lao tarehe 21 Desemba. Walianza na vitu vichache: unga wa ngano, unga wa shayiri, siagi na sukari. Siku zile mkate wa Uingereza ulichanganywa na shabu ili uwe mweupe, na chai ilichanganywa na majani yasiyo ya chai. Watu wa Rochdale hawakuahidi bei rahisi. Waliuza kwa bei ya kawaida ya mji, wakaahidi bidhaa safi na kipimo kamili. Na faida iliyobaki waliirudisha kwa wanachama, kila mtu kwa kadiri alivyonunua. Akiba yao, basi, ilitoka katika faida ya mfanyabiashara wa kati na katika udanganyifu uliokomeshwa. Haikutoka katika njaa ya mtu yeyote. Walikuwa na kanuni moja kali, nayo ni kukataa kukopesha. Kanuni hiyo ililinda duka, lakini yule asiyekuwa na fedha taslimu alibaki nje ya mlango, akaendelea kuandikwa katika daftari la mwingine. Wema wa ushirika wa wanunuzi ni mkubwa, na hakuna sababu ya kuficha kwamba hata huo haukumfikia mnyonge wa mwisho.

Mashaka huanzia katika akiba itokanayo na mwingine. Kupatana bei si kosa. Katika masoko ya Afrika Mashariki bei itajwayo kwanza ni salamu, na asiyeijibu humshangaza muuzaji. Muuzaji ametaja juu kwa kuwa anajua atashushwa. Mnunuzi anataja chini kwa kuwa anajua atapandishwa. Wawili hao hukutana kati, na mara nyingi huachana wakicheka. Mapatano ya namna hii ni ya haki kwa sababu moja: kila mmoja anaweza kukataa akaenda zake. Siku sababu hiyo ikiondoka, maneno yatakuwa yale yale, lakini jambo limekuwa jingine. Saa 12 jioni mchicha umeanza kunyauka juu ya gunia lililotandikwa chini. Mwenye mchicha hawezi kuurudisha shambani, hana barafu ya kuuhifadhi, na nauli ya kurudi kwake haijatimia. Mnunuzi aliyengoja saa hiyo kwa makusudi hapatani tena. Anaamuru.

Kitabu cha Mithali katika Biblia, sura ya 20, kinamtaja mnunuzi aitiaye bidhaa ila mbele ya mwenyewe, kisha akajisifu anapokwenda zake. Sura ya 83 ya Korani ina jina la wapunjao, nayo inawaonya watu watakao kipimo kamili wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Ni jambo la kufikirisha kwamba vitabu hivi viwili havikumtuhumu muuzaji peke yake. Mnunuzi naye ana mkono, na mkono huo waweza kupunja.

Tena mkono huo huchagua mahali pa kuwa na nguvu. Bwana mmoja huingia katika supamaketi, akakuta bei imebandikwa, akalipa bila ya neno, hata kama bei hiyo ni kubwa mara moja na nusu ya ile ya sokoni. Mashine haiombwi nyongeza. Bwana yule yule hutoka nje, akasimama mbele ya mama auzaye ndimu, na hapo ndipo anapokumbuka uwekevu: anataka apunguziwe shilingi 100, na akipunguziwa anataka na ndimu moja ya nyongeza. Sifa ambayo huonekana mbele ya mnyonge tu, ikanyamaza mbele ya mwenye nguvu, inastahili jina jingine. Nyongeza itolewayo kwa hiari, kwa mteja wa siku nyingi, ni udugu. Inyakuliwayo na mkono wa mnunuzi kabla muuzaji hajafungua kinywa ni kodi.

Kodi hiyo ina njia ndefu kuliko ionekanavyo mjini. Mashambani kuna mtindo uitwao lumbesa. Gunia la viazi au la vitunguu hujazwa hadi mdomoni. Kisha juu yake hushonewa kipande cha gunia jingine au wavu, mzigo ukapanda kama nundu ya ng'ombe. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja, na nundu huenda bure. Mchukuzi huibeba nundu hiyo kwa mgongo wake. Sheria ya vipimo ya Tanzania hairuhusu biashara hiyo, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umekuwa ukiipiga vita. Nchini Kenya gunia la viazi limewekewa kikomo cha kilo 50. Hata hivyo lumbesa haijafa, kwa maana mkulima aliye na viazi vilivyokwisha kuchimbwa na mnunuzi mmoja tu mwenye lori yuko katika hali ile ile ya mwenye mchicha saa 12 jioni. Hata ikiwa sehemu kubwa ya nundu huliwa njiani na madalali, sehemu yake hufika mjini katika umbo la bei rahisi, na mlaji huisifu bei hiyo bila ya kujua sura ya aliyeilipa. Si haki kumhukumu mlaji kwa asilolijua. Lakini akiisha kujua, hawezi tena kusema kuwa bei ni jambo la Mungu kama mvua.

Ipo pia akiba itolewayo katika tumbo. Mwenye nyumba huacha fedha ya matumizi asubuhi, kiasi kile kile alichoacha mwaka uliopita, ingawa bei zimepanda. Na jioni hukuta wali, mchuzi na kipande cha samaki mahali pake. Hushangaa kidogo, hufurahi sana, na barazani huwaambia wenziwe kuwa amejaliwa mke mwekevu. Hajui kuwa mke huyo alikwenda kwa miguu hadi soko la mbali ili nauli iwe kitunguu, wala kuwa samaki walikuwa vipande vinne na waliokula walikuwa watano. Mke alikula ukoko. Kujinyima kwa hiari ni moja ya ibada za utu, na mwanamke wa namna hii aghalabu ana fahari ya kweli katika ustadi wake. Hakuna aliye na haki ya kumvua fahari hiyo. Ila mume apokeaye matunda ya kujinyima kwa mwingine, akayaita uwekevu wa nyumba yake, amejipa sifa asiyoilipia. Kama fedha haitoshi kwa kuwa hana, ashiriki ukoko. Kama haitoshi kwa kuwa nyingine imebaki mfukoni mwake, jina la jambo hilo linajulikana.

Na mwanamke huyu ndiye mara nyingi afikaye sokoni saa 12 jioni. Hakungoja jioni kwa ujanja. Amefika saa hiyo kwa kuwa asubuhi alikuwa akifua na mchana akitafuta maji. Mkononi ana shilingi 300, na fungu la mchicha ni shilingi 500. Anasimama mbele ya mwuza mchicha ambaye naye ana watoto wangojao, na mabishano yao huwa makali kuliko ya matajiri wawili wanaouziana nyumba. Mpita njia anaweza kumwona mmoja kuwa mkaidi na mwingine kuwa mpunjaji. Mara nyingine fungu hugawanywa mikono mitatu kati ya mitano, majani machache yaliyonyauka yakaongezwa juu bila ya kuombwa, na wanawake wale wawili huulizana habari za watoto kabla ya kuachana.