Nguo Inafanana

Niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo. Tangu hapo naandika makala akipatikana wa kulipa, na asipopatikana nafunga kamera za CCTV madukani hapa Eldoret. Kazi yenyewe ni ngazi, dreli na waya, ila mwishowe lazima uketi mbele ya skrini uamue kitakachoonekana.

Chukua duka lolote linalotazama Uganda Road. Mchana jua liko nje, mteja anasimama mlangoni mgongo wake ukielekea barabarani, na kamera inampiga giza usoni. Ukiongeza mwangaza, uso unatokea lakini barabara nzima inageuka karatasi nyeupe. Kuna kamera zinazoweza kuonyesha vyote viwili vizuri, lakini si zile za bei ya wateja wangu. Kwa hivyo huwa nawauliza: unataka uso ama barabara? Wengi husema uso. Nilidhani hilo ni swali la ufundi tu.

Mwaka jana mwenye duka moja la spea za pikipiki alinipigia asubuhi. "Kijana, kuja uone. Tumeibiwa, na picha iko na giza."

Zilikuwa zimeenda betri na tairi, saa nane usiku. Kwenye rekodi kulikuwa na mtu amejikunyata kando ya mlango wa nyuma. Kubadilisha mipangilio ya kamera hakurekebishi kilichokwisha kurekodiwa, lakini ile skrini ya kuchezesha rekodi ina vitufe vyake pia. Nikapandisha mwangaza, nikashusha, nikaongeza kontrasti, nikakaza ukali wa picha. Uso ulibaki ukungu. Jaketi ndiyo ilijitokeza, nyeupe kama maziwa.

"Si huyu ni yule msee wa mkokoteni?" boss akauliza.

Kijana wa mkokoteni alikuwa na hudi nyeupe ya mitumba, kila mtu pale aliijua. Nikasema, "Nguo inafanana."

Maneno mawili. Kufikia saa nne alikuwa amepigwa makofi, mkokoteni umechukuliwa, na vijana wa boda wameanza kukusanyika na ule utulivu wao mbaya. Soja mmoja mzee ndiye aliyemtoa pale kwa mlango wa jirani.

Boss alitaka picha ya usiku iwe bora, basi nikabaki hadi giza kuingia. Eldoret iko juu, zaidi ya mita 2,000, na usiku wake hautaki mchezo, kwa hivyo nilikuwa nimevaa jaketi yangu nyeusi ya poliesta. Nikasimama pale aliposimama mwizi, nikarudi ndani kutazama rekodi.

Jaketi yangu ilikuwa nyeupe.

Usiku, kamera hizi huwasha taa ndogo za infraredi kuzunguka lenzi, mwanga ambao jicho letu halioni, na picha inakuwa ya kijivu. Rangi nyingi zinazofanya kitambaa kuwa cheusi hunyonya mwanga tunaouona, lakini ule wa infraredi zinaurudisha. Si kila nguo nyeusi hufanya hivyo. Yangu ilifanya. Kamera haikuwa imesema mtu yule alivaa nyeupe; usiku haijui rangi hata kidogo. "Nyeupe" lilikuwa neno letu.

Kuna hoja ambayo nilikuwa naiamini: anayerekebisha picha ni kama anayepangusa kioo cha dirisha, na anayepangusa kioo hatoi ushahidi. Ningependa bado kuiamini. Lakini aliyepangusa anaacha kioo kikitakata. Mimi sikuacha picha ilipotakata, kwa sababu haikutakata. Niliondoa mkono kwenye kipanya pale ilipoanza kufanana na mtu tunayemjua. Hapo nilikuwa nimeshatoa ushahidi kabla sijafungua mdomo.

Sipingi kamera, tafadhali. Mwanariadha Benjamin Kiplagat alipouawa kwa kisu hapa Eldoret tarehe 31 Desemba 2023, picha za CCTV ni kati ya vitu polisi walivyotumia kuwatafuta washukiwa. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya hapa iliwafunga wanaume wawili miaka 35 kila mmoja. Lakini mahakama ina masharti yake. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza rekodi ya kielektroniki ilivyotolewa na kwa kifaa gani, kikiwa na sahihi ya mtu anayehusika na kifaa hicho. Yaani lazima kuwe na jina la mtu wa kuulizwa. Kule nyuma ya duka la spea hakuna aliyeuliza jina langu. Nililipwa elfu moja mia tano.

Nilimwambia boss usiku huohuo. "Kwani kamera yangu inadanganya?" Nikamwonyesha jaketi, mkononi na kwenye skrini. Alinyamaza sana. Kisha akasema hata akimrudisha kijana haitasaidia, mtaa umeshamjua kama mwizi.

Ilinichukua wiki tatu kumtafuta, na mbili kati ya hizo sikuwa natafuta, nilikuwa naogopa. Nilimpata Langas akiosha pikipiki. Nikamweleza yote, taa, kitambaa, vitufe, na yale maneno mawili. Hakuacha kusugua.

"Kwa hivyo huyo jamaa huenda alivaa nyeusi," akasema hatimaye, akiniangalia kifuani. "Kama hiyo yako."

"Ndiyo," nikamwambia. "Kama hii yangu."