Nyumba Yenye Umeme, Isiyo na Runinga

Ukitoka Embu mjini ukapita Runyenjes, ukavuka mto Thuci na kuendelea Chuka, Nkubu hadi Meru, utachoka kuhesabu madishi. Yamebandikwa juu ya mabati mapya na mabati yenye kutu, kwenye nyumba za mawe za wakulima wa majani chai na kwenye nyumba za mbao zilizojificha ndani ya migomba. Pasipo na dishi pana eriali iliyofungwa kwenye mti mrefu, imeelekezwa upande ule ambao siku moja mtoto alipiga kelele kutoka sebuleni, “Hapo hapo! Usiguse tena!” na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuigusa. Katikati ya nyumba hizo, mara moja moja, ipo nyumba yenye umeme, yenye viti vizuri, ambayo mwenyewe ana uwezo wa kununua runinga na ameamua asinunue. Huyo huwa kitendawili kwa majirani.

Si kwamba kuishi bila runinga ni jambo geni nchini. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa karibu nyumba 4 kati ya kila 10 nchini Kenya ndizo zilizokuwa na runinga inayofanya kazi. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, zilikuwa zinaishi bila, na hakuna aliyewahi kuziita nyumba za wanafalsafa. Mkulima wa mtama kule Tharaka ambaye hajafikiwa na nguzo ya umeme hachunguzwi kwa nini hana runinga. Anayechunguzwa ni mwalimu, karani wa kaunti, mwenye duka la pembejeo. Watu watasema ni bahili. Watasema mkopo wa sacco umembana. Wengine watauliza kwa sauti ya chini kama amejiunga na Kabonokia, dhehebu ambalo kwetu Tharaka na Meru linajulikana kwa kukataa hospitali na dawa. Tunavumilia kwa urahisi mtu asiyekuwa na kitu. Anayetutatiza ni yule anayekiweza na hakitaki, kwa sababu kukataa kwake kunatufanya tujiulize tulichagua lini sisi wenyewe.

Na tulichagua lini kweli? Runinga ilianza kurushwa Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, lakini ilichukua miaka mingi kupanda milima hii. Walio na umri wa kutosha wanaukumbuka wakati ambapo kijiji kizima kilikuwa na runinga moja tu, ya picha nyeusi na nyeupe, iliyowashwa kwa betri ya gari. Betri hiyo ilibebwa kwa baiskeli hadi sokoni ikachajiwe, na ilikuwa na tabia ya kuishiwa nguvu wakati Mzee Ojwang’ na Mama Kayai wamefika pale penye kicheko katika kipindi cha Vitimbi. Picha ilianza kujikunja pembeni, ikawa ndogo, ikatoweka. Watoto waliambiwa wanawe miguu kabla ya kuingia, wakaketi sakafuni wakibanana, wakubwa wakakaa kwenye makochi, na mama mwenye nyumba akapita katikati yao na birika la chai akihesabu vikombe kwa macho. Aliyenunua runinga miaka hiyo alinunua na wageni. Angewafukuza kwa uso gani?

Jambo hili husahaulika na wanaoikemea runinga kana kwamba iliingia vijijini kuwatenganisha watu. Mwanzoni iliwakusanya. Iliwafunza hata Kiswahili. Wapo wazee wa Igembe na Mbeere ambao ufasaha wao haukutoka darasani bali kwenye kipindi cha Vioja Mahakamani. Kilichoutawanya mkusanyiko ule ni kila nyumba kupata ya kwake. Bei ilishuka, umeme ukasambazwa, na hata wasiokuwa na umeme wakaletewa runinga za sola za kulipiwa kidogo kidogo kwa simu. Ni maendeleo, na sioni sababu ya kuyaonea haya. Lakini mlango uliokuwa wazi jioni sasa hufungwa mapema, na mtoto wa jirani akibisha saa mbili usiku huulizwa kwanza ametumwa nini.

Kuna tofauti nyingine ambayo naona ni kubwa zaidi. Runinga ya zamani ilijua kwenda kulala. Vipindi vilianza jioni, vikaisha usiku kwa wimbo wa taifa, na baada ya hapo skrini ikabaki na chenga tupu. Hata mtu mlafi wa kutazama alilazimishwa na kituo chenyewe kuwa na kiasi. Huko Iceland, runinga ya taifa iliyoanza mwaka 1966 ilikuwa hairushi chochote siku ya Alhamisi, na desturi hiyo ilidumu hadi 1987; Julai nzima nayo ilikuwa mapumziko hadi 1983. Jirani zetu wa Tanzania walikwenda mbali zaidi. Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi tangu mapema miaka ya 1970, lakini Bara iliishi bila kituo chochote hadi 1994, kwa kuwa serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona runinga kuwa anasa ya wachache wa mijini wakati wengi wangali wanahitaji maji na shule. Mtu anaweza kubishana na uamuzi huo, na Watanzania wenyewe wamebishana nao, lakini hawezi kusema haukuwa na fikra nyuma yake. Mahali fulani, mtu fulani alikuwa amesema: hadi hapa.

Leo hakuna kituo kinachosema hivyo. Wahenga walituambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wa sebuleni hapewi jembe wala haagi, na kazi ya kumwambia kwamba usiku umeingia imeachiwa mwenye nyumba aliyechoka, ambaye ametoka kuchuma chai tangu alfajiri au kushinda kwenye foleni ya afisi, na ambaye mwili wake unataka tu kukaa na kutofikiri. Nadhani wengi wanaoiondoa runinga nyumbani hawaichukii. Wamejitazama wakaona kwamba hawana nguvu za kubishana nayo kila usiku, wakaamua kubishana nayo mara moja tu. Je, huo ni udhaifu au ni kujijua? Mlevi aliyeacha kupita njia yenye baa hatumwiti mwoga.

Tofauti kati ya kunyimwa na kujinyima tuliionja wote. Februari 2015, katika mvutano wa kuhamia mitambo ya dijitali, vituo vya Citizen, NTV na KTN vilikaa gizani kwa karibu wiki tatu. Mwishoni mwa Januari 2018 serikali ikavizima tena baadhi ya vituo kwa sababu ya kiapo cha aliyekuwa kiongozi wa upinzani, Raila Odinga, pale Uhuru Park. Mara zote mbili tulilalamika, na tulikuwa na haki, kwa kuwa aliyekuzimia runinga bila idhini yako amekunyang’anya hata nafasi ya kuizima mwenyewe.

Sasa tuingie ndani ya nyumba moja, kwani mambo haya hayaonekani barabarani. Ni nyumba ya kawaida ya mlimani, saa moja na nusu usiku, runinga inawaka. Baba, mama na watoto watatu wanacheka kwa pamoja. Pembeni, kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni ambako joto la moto linafika, ameketi nyanya. Ana ungo wa maharagwe mapajani na vidole vyake vinatoa mawe na vijiti bila kuhitaji macho. Kicheko kinapozuka anainua uso, anawatazama wajukuu, anatabasamu kidogo kwa kuwa wamefurahi, halafu anarudi kwenye ungo. Kipindi ni cha Kiswahili cha mjini kilichochanganywa na Kiingereza. Yeye ni Mmeru wa Kimeru. Hakuna aliyemkosea adabu. Amepewa chai ya kwanza, amepewa shuka. Lakini kwa saa mbili nzima, katika chumba kilichojaa watu wa damu yake, hakuna neno lililosemwa ambalo lilimhitaji.

Siku hizi zipo stesheni za redio zinazotangaza kwa Kimeru na Kiembu, na Muuga FM na Wimwaro FM zimewarudishia wazee wengi raha ya kusikia habari kwa lugha yao. Redio, isitoshe, haidai macho; mtu anaisikiliza huku anachambua maharagwe na bado anaweza kumuuliza mwenzake swali. Hata hivyo kuhutubiwa kwa lugha yako si sawa na kuulizwa jambo. Mwanahistoria Mmarekani Jeffrey Fadiman alipokuja Meru kuuliza mambo ya kale kati ya 1969 na 1970, aliwakuta wazee walioweza kumsimulia safari ya mababu tangu Mbwaa, kisiwa ambacho wengi hukihusisha na Manda karibu na Lamu. Walieleza jinsi watu wa Nguo Ntune, yaani wa nguo nyekundu, walivyowatesa mababu hao kwa mitihani isiyofanyika: watengeneze kiatu chenye manyoya pande zote mbili, watoe tunda lililotumbukizwa kwenye shimo refu bila kulichoma wala kulishika. Mababu wakamimina maji shimoni, tunda likaelea. Historia hiyo ilidumu vizazi vingi bila karatasi kwa sababu kila kizazi kilikuwa na jioni, na kila jioni ilikuwa na mtu aliyesema polepole na mwingine aliyekuwa hana mahali pengine pa kutazama. Baraza la wazee wa Meru, Njuri Ncheke, ambalo hadi leo hukutana Nchiru, limejengwa juu ya ustadi huo huo: kumwacha mzee mwenzako amalize, hata kama anazunguka mlima mzima kabla ya kufika kwenye mbuzi wanaogombaniwa. Kijana ambaye hajawahi kumsikiliza mtu kwa dakika kumi bila picha kubadilika ataketi vipi katika mkutano kama huo?

Lakini nisiipambe jioni ya kale kuliko ilivyokuwa. Ilikuwa na moshi uliochoma macho. Ilikuwa na msichana aliyesugua sufuria nje gizani wakati kaka zake wanasimuliwa hadithi. Kuna mama wengi ambao runinga ndiyo burudani yao ya kwanza tangu waolewe, saa moja ya tamthilia ambamo hakuna anayewatuma maji, na mwanamume anayesimama na kutangaza kuwa nyumba hii haitakuwa na runinga hajachagua kitu kama yeye mwenyewe haonji uchungu wake. Tunamfahamu mtu huyo. Nyumbani anasifia ukimya na vitabu. Jumamosi jioni yuko kwenye baa za Makutano mjini Meru, shingo imeelekea juu, akimfokea refa wa Uingereza. Anayelipa ni mkewe na wanawe. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na masomo yakahamia redioni na kwenye runinga, watoto wa nyumba za namna hii waliulizana na wenzao yaliyofundishwa, sawa na watoto wa wasiojiweza. Msimamo wa mzazi unaweza kuwa mzuri na bado ukamgharimu asiyeshauriwa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza nyumba isiyo na runinga ni nani alikaa kikao. Nimeona nyumba ambayo uamuzi ulifikiwa na wote, watoto wakaweka sharti kwamba Fainali ya Kombe la Dunia watakwenda kwa mjomba, mama akaweka la kwake kwamba baba naye atarudi mapema. Humo kuna kelele kuliko nyumba ya jirani: ubishi, karata, mtu anasomewa Taifa Leo ya juzi, dada na kaka wanagombea koleo la makaa. Pia kuna kuchoshana. Watu wakikosa kitu cha kutazama hutazamana, na si kila siku wanapenda wanachokiona. Hiyo ndiyo sehemu ya gharama ambayo wahubiri wa maisha ya kiasi hawaitaji.

Na simu je? Msomaji alishaliuliza hili tangu aya ya pili, na ana haki. Nyumba inaweza kujisifu kuwa haina runinga huku kila mmoja ameinamia skrini yake, bando limejaa, vicheko vitano tofauti vikitoka kwa vitu vitano tofauti. Heri runinga, ambayo angalau iliwachekesha pamoja! Aliyeiondoa runinga na kuiacha simu mezani wakati wa kula amehamisha tu mahali pa kutazama, na nyanya bado anachambua maharagwe peke yake.

Kisha iko siku mtoto aliyekulia katika nyumba ile isiyo na runinga atapata mshahara wake wa kwanza. Atapanga chumba Embu au Thika, atanunua godoro, mtungi wa gesi, na kabla hata ya meza, skrini ya inchi 43 ya kulipia kila mwezi. Mzazi akija kumtembelea afanyeje? Uamuzi wa namna hii haurithishwi kama shamba. Ukilazimishwa kwa mtu mzima haubaki uamuzi tena. Akiwa na busara atakaribia kiti, atasifia chumba, atauliza taarifa ya habari ya saa moja iko stesheni gani, na asiposikia vizuri ataomba sauti iongezwe.