Kupokea si Kuhifadhi

Mtu akikwambia "tayari" kabla kazi haijaisha, amekudanganya? Sisi tunaoishi kwa orodha tunalo swali hili kila siku. Kompyuta nayo inalo.

Flashi ni nyepesi kubeba, lakini kuandika kwake ni mwendo wa kobe. Kwa hiyo ukinakili orodha ya majina kwenda kwenye flashi, mara nyingi mfumo endeshi haukusubirishi. Unayaweka majina kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ambayo ina kasi, unakwambia "tayari", halafu unayapeleka polepole kwa nyuma. Kwenye Linux, kwa mpangilio wa kawaida, maandishi yanaweza kungoja hapo kama sekunde 30 kabla ya kusukumwa. Umeme ukikatika, au mtu akichomoa flashi kwa haraka, yaliyokuwa yakingoja yamepotea. Na ile "tayari" ilishasemwa.

Watu wa Tungue tunalijua hili bila kompyuta. Maji yakiwa yamekupwa, jahazi linatia nanga mbali. Nahodha akisema "mzigo umefika", kweli umefika. Lakini mwenye mchele hafungi hesabu mpaka mabega ya watu yaulete nchi kavu.

Wapo watakaosema basi mashine ni mwongo. Mimi sikubali. Ingekuwa kila jina lisubiriwe mpaka liguse flashi, foleni isingesogea. Haraka nayo ina huruma yake. Tena mashine ina kikomo cha ahadi: Linux, kwa kawaida, yanayongoja yakikaribia asilimia 20 ya kumbukumbu iliyopo, humsimamisha anayeandika mpaka deni lipungue. Na programu ikitaka uhakika, ipo amri iitwayo fsync: usinijibu mpaka yafike kwenye diski. Mwaka 2018 Windows 10 nayo ilibadili mpangilio wake wa kawaida ili flashi iandikwe bila kungojesha hivyo. Uandishi unaweza kuwa wa pole zaidi, lakini anayechomoa haraka hapati hasara kubwa.

Kosa liko wapi, basi? Liko kwenye neno moja kubeba mambo mawili, na hasara kumwangukia asiyeambiwa.

Baada ya Palma kushambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu walitawanyika: Quitunda, Pemba kwa njia ya bahari, wengine kuelekea Mto Ruvuma. Kila kituo, majina yanaandikwa upya. "Umeshaandikwa, mama, kapumzike." Anayesema hivyo hasemi uongo, jina amelipokea. Lakini mama anasikia jambo jingine: kwamba sasa aondoke kwenye foleni, asiulize tena. Orodha ikipotea, mwandishi amepoteza kazi ya asubuhi moja. Mama amepoteza chakula cha watoto. Hasara hazilingani, kwa hiyo na wajibu haulingani. Anayejua orodha iko wapi ndiye anayedaiwa kusema.

Ndugu zetu wa mashirika, hatuombi muwe na kasi kuliko mlivyo. Tunaomba maneno mawili yatenganishwe: "nimepokea" na "imehifadhiwa". La kwanza likisemwa peke yake, mtu atajua bado anangoja, na atarudi kesho.

Nasi wakazi tusione haya kuuliza: jina langu sasa hivi liko wapi? Huko si kukosa adabu. Mwenye mchele naye huuliza, na nahodha hakasiriki.