Ua Rahisi ni Upi?

Mbuzi hajui mpaka. Akiona mahindi mabichi ng'ambo ya njia, huenda akala, wala hatuwezi kumwita mwizi, kwa kuwa hakupewa akili ya kupambanua changu na chako. Akili hiyo alipewa mwenye mbuzi. Basi ugomvi uzukapo kati ya majirani, twaulizana: ni nani aliyepaswa kujenga ua, mwenye mnyama au mwenye shamba?

Watu wamelijibu swali hili kwa njia mbili. Torati, katika Kutoka mlango wa 22, humtwika mzigo mwenye mnyama: mnyama wake akilisha katika shamba la mwingine, sharti alipe, tena kwa mazao yaliyo bora ya shamba lake mwenyewe. Sheria ya kale ya Uingereza nayo ilimwagiza mwenye ng'ombe awazuie. Lakini katika sehemu kubwa ya magharibi ya Marekani, karne ya 19, mambo yaligeuzwa: ng'ombe waliachwa huru nyikani, na mkulima aliyetaka kuvuna ndiye aliyepaswa kuzungusha ua.

Nchi zile za tambarare zilikuwa na miti michache, na ua wa mbao ulikuwa ghali. Mwaka 1874 Joseph Glidden, mkulima wa Illinois, alipata hati ya serikali kwa waya wake wenye miiba, yaani seng'enge, na tangu hapo kuzungusha ua kukawa kwepesi. Je, amani ikaja? Haikuja. Katika Texas matajiri wengine walizungushia hata njia na maji ya watu wote, na mwaka 1883 watu wakatoka usiku kuzikata nyaya. Sheria ya 1884 ikafanya kukata ua kuwa kosa kubwa. Lakini pia ikawaamuru waliokatiza njia za watu wote kwa ua waweke lango kila maili 3. Hapo twajifunza ya kuwa bei ya ua si fedha tu. Wahenga walisema, rahisi ni ghali. Nasi twaongeza swali: ghali kwa nani?

Tuzitazame nyua za mtu mwenye shamba dogo, asiyeweza kununua seng'enge. Ua wa matawi ya miiba haununuliwi, lakini mchwa huula, nao hutaka kukatiwa matawi mapya mara kwa mara. Miti ikiisha porini, anayelipa ni mama atakayekwenda mbali kutafuta kuni. Minyaa ni bora zaidi. Vipande vyenye urefu wa mkono huachwa siku chache hata utomvu ukauke, kisha hupandwa karibu karibu mwanzo wa mvua; wanyama hawapendi kuila, na ua huo huishi miaka mingi. Lakini utomvu wake huunguza macho vibaya sana. Basi haifai kuipanda mahali wachezapo watoto, na apunguzaye matawi yake yampasa kuangalia. Mkonge nao huziba vizuri kwa miiba yake, ila vichipukizi vyake hutambaa. Aupandaye juu ya mpaka wenyewe amejinyima kidogo na kumnyang'anya jirani kidogo. Heri arudi nyuma hatua mbili ndani ya ardhi yake.

Tena ua wa mimea hauoti kwa siku moja. Kabla haujakua, wanyama hufungwa kamba au huchungwa. Hapo ndipo wengi huchagua ua ulio rahisi kupita zote, yaani mtoto mwenye fimbo. Haugharimu hata senti. Lakini mtoto yule akikosa masomo mwaka mzima, ameulipia ua wa baba yake kwa mali isiyorudishwa.

Labda mtu atasema, Mimi ni maskini, nina mbuzi watatu tu, nitawezaje? Twamjibu kwa upole kwamba anayeliwa mahindi naye mara nyingi ni maskini, na robo eka ya mjane ndiyo chakula chake cha mwaka. Umaskini wetu hautupi ruhusa ya kulisha wanyama wetu kwa umaskini wa mwingine. Walakini jirani naye ana sehemu yake. Ua ukisimama, yeye pia hulala usingizi. Basi si vibaya atoe siku mbili za kuchimba mashimo, au vipande vya minyaa kutoka ua wake.

Kwa hiyo mwenye mnyama na aanze, jirani na asaidie, na njia ya maji iachwe wazi. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, tujiulize ni nani atakayelipa kile tusicholipa sisi. Ikiwa hapana mtu, huo ndio ua rahisi.